Nimevunja Saruji Yako, Kaka

Bukoba,
22 Mei 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Shaban bin Saburi, Reli, Tabora.

Assalaam alaykum, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa vumbi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kwa desturi ya Bukoba, yaani haimwulizi mtu. Mama anakula, analala, na miguu yake bado huvimba jioni lakini si kama mwaka jana. Kanga ulizompa Uledi atuletee zilifika zote mbili. Mama alichagua ile nyekundu, akaniachia ile ambayo hakuipenda, na akataka nimshukuru.

Uledi aliporudi huko akakwambia kwamba nimevunja saruji yako ya uani, ulinijibu mistari minne, na hukunisalimu. Ulisema saruji imwagwe upya kabla ya Julai, kwa kuwa umekwisha kubaliana na yule tajiri wa malori kwamba ataanika kahawa yake hapo. Kama haiwezekani, ulisema, utakuja kuiuza nyumba na kumchukua Mama akaishi kwako Tabora. Barua hiyo nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Mama sikumsomea. Leo najibu kwa kirefu, na naomba uketi kitako, maana najua tabia yako ya kusoma barua umesimama, unaruka mistari. Kuna jambo nitalisema mwisho. Nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nikianza nalo hutasoma mengine.

Wewe uliondoka na sura ya ua ule kama ulivyokuwa siku ulipomalizika: mweupe, umenyooka, na wewe umesimama katikati umeshika kiuno. Hatukukulaumu. Kahawa ilikuwa na bei, kila mtu mjini alitafuta pa kuanikia, na ulisema ua wa matope ni aibu kwa watu wa mjini. Ukakata mtoma wa Mama, ule ambao mjomba alikuwa akija kuuchuna gome la kutengenezea rubugo, ile nguo ya magome. Ukang'oa migomba, ukang'oa mpera, ukang'oa hata asumini iliyokuwa ikitambaa dirishani kwangu. Halafu kahawa ikaanikwa msimu mmoja tu. Msimu wa pili wenye kahawa walikuwa na sehemu zao, na sisi tukabaki na jiwe letu.

Hukukaa na jiwe hilo, kaka. Mimi nimekaa nalo. Jua likiwaka hupiti pale bila viatu. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuingia, basi yanakimbilia jikoni kwetu na chumbani kwa jirani yetu Mwalimu Rugambwa, na yale yanayobaki yanasimama kwenye nyufa na kufuga mbu. Ndege walihama wote isipokuwa kunguru. Na Mama, ambaye unamkumbuka akikaa nje kutwa nzima akimenya ndizi na kuzozana na kila kitu chenye mbawa, akahamia kitandani. Baadaye akaanza kutoroka.

Ndiyo, kutoroka. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Mara ya kwanza nilimkuta njia panda. Mara nyingine alifika Ijuganyondo, miguu mitupu, kanga imeanguka begani. Klaudia, binti wa mjomba aliyeolewa huko, alimwona akipita mbele ya nyumba yake, akamkimbilia na kumwuliza shangazi unakwenda wapi. Mama akamjibu kwamba anakwenda kwao Kaagya kwenye kivuli, kwa sababu mjini wamemfunika angali hai. Klaudia alinirudishia maneno hayo huku analia. Mimi sikulia. Nilikasirika, na unanijua nikikasirika.

Nikampelekea salamu Datius, kaka yake Klaudia, aje kutoka Kaagya na nyundo kubwa na mtaimbo. Datius hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe, lakini saruji yako aliipiga kana kwamba imemtukana. Majirani walitoka kutazama. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema mwanamke aliyeachika akikosa mume wa kugombana naye hugombana na sakafu. Niliwacheka kwa sauti, lakini neno lile liliniuma kwa siku nyingi.

Chini ya saruji tulikuta udongo uliopauka, mgumu, hauna hata nyungunyungu mmoja. Datius aliusaga kiganjani akasema udongo huu una njaa. Basi tukaulisha namna wanavyolisha kibanja, shamba la migomba, huko kwao: samadi kwanza, kisha majani makavu yaliyokatwa rweya, kule kwenye nyanda za nyasi, yakatandikwa tabaka juu ya tabaka, tukaacha mvua ifanye kazi yake. Tukapanda migomba michache. Tukapanda mpera kwa ajili ya ndege na asumini kwa ajili yangu. Datius akaleta gogo la mtoma lisilo na jani hata moja, akalichomeka ardhini kando ya kisiki cha ule wa zamani, akaenda zake kunywa chai. Nilimwona mwendawazimu. Gogo lile sasa lina majani, na ndege chozi wamejenga kiota ndani yake.

Natamani ungeuona ua huo ukirudi. Walianza nyuki. Kisha vyura, na kelele zao ziliniudhi mpaka nilipogundua kwamba mbu wamepungua. Kwera walipasua majani ya migomba kushonea viota vyao, wachafu wale, na hondohondo mmoja alikuwa akitua asubuhi na kupiga makelele kama mnadi. Akaja kinyonga, na wanawake wa mtaa wakaacha kunitembelea kwa muda. Mama akatoka kitandani bila kuambiwa. Alijikokota mpaka mlango wa jikoni, akaketi, akamtukana hondohondo kwa Kihaya safi. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na haja ya kukuandikia barua ndefu hivi. Sisi tumezaliwa mjini, kaka. Baba alikuja na kanzu yake kutoka pwani, Mama akasilimu, tukalelewa kwa chuo na Kiswahili. Mambo ya kibanja tuliyaona Kaagya siku za sikukuu tu, tukitafuna miwa. Klaudia aliniletea vipande vya mulamula kwa sababu nilisifia uzuri wake uani kwake: majani marefu ya kijani, na maua yanayonukia jioni na kuita wadudu wa kila namna. Datius alikuwa amerudi kwao kwenye matanga. Sikumwuliza mtu. Nilivipanda mstari mmoja upande wa Mwalimu Rugambwa, pale ukuta ulipobomoka, na kwa kuwa upande wetu palikuwa na kisiki cha mtoma ulioukata, nikasogea hatua moja upande wake. Ni maua tu, nilijiambia.

Mhaya yeyote angekwambia kwamba mulamula ni mpaka. Ukiuona umepandwa, ujue wazee wamekaa, wamekubaliana, ardhi imegawanywa. Na ukishapandwa haung'olewi, kwani anayeung'oa anaikaribisha mauti nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya mzee wa watu hatua moja ya kiwanja chake mchana kweupe, mbele ya dirisha lake, tena nikiimba kasida.

Mwalimu unamfahamu: mtu wa misheni, kola imepigwa pasi hata siku ya mvua, amefundisha nusu ya makarani wa mji huu. Saruji ilipovunjwa yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu chumba chake kilikauka. Sasa akaacha kunisalimu. Nikimwamkia, anatazama ile milamula. Nilidhani ni uzee, mpaka Klaudia alipokuja, akaona mstari wangu, akashika kichwa na kuniuliza kama nimechoka kuishi na watu.

Nilikwenda kuomba radhi siku hiyo hiyo, na laiti ningejua kuomba radhi. Mwalimu alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Akasema yeye si mtoto, na kwamba watu wa pwani ndivyo wanavyoanza, hatua moja leo na nyumba nzima kesho. Badala ya kuinamisha kichwa, nikamjibu kwamba chumba chake kilikuwa bwawa, na aliyelikausha ni huyu huyu mtu wa pwani. Akafunga mlango. Nilirudi nyumbani kwa hasira, nikaushika mulamula wa kwanza kwa mikono miwili ili niung'oe, yaishe. Datius alikuwa amerudi. Akaniomba kwa upole niuache, kwani mwenye nyumba ni mgonjwa. Mimi ni Mwislamu, kaka, nasali sala zangu zote, na mambo hayo siyaamini. Lakini nilimtazama Mama pale mlangoni, nikauachia.

Kwa hiyo tukakaa hivyo, mimi siwezi kuing'oa na yeye hawezi kuing'oa, kila mtu amenuna upande wake, mvua inanyesha, na ile milamula ikistawi bila adabu. Mwalimu akatafuta njia nyingine. Akaenda ofisi ya mji kushitaki kwamba nimepanda migomba ndani ya mji, jambo ambalo sheria inakataza kwa ajili ya mbu. Alidhani watakuja kuchukua migomba na milamula pamoja, na mikono yake itabaki safi.

Alikuja Bwana Afya, kijana wa Kihaya anayeitwa Buberwa, na kofia yake na kaptura iliyonyooka. Alizunguka ua wote. Alipomaliza akasema kila kilichozidi urefu wa goti kitolewe na saruji irudishwe. Tena akasema kibali cha kiwanja kinakwisha mwezi huu wa Mei, na kiwanja kilichovunja sheria hakipewi kibali kipya. Kinarudi serikalini, na nyumba inabomolewa au inauzwa kwa atakayekubaliwa. Nilimwuliza mama yangu atakwenda wapi. Akasema swali hilo halimo katika kazi yake. Hakulisema kwa ubaya, nadhani hata yeye lilimkera, lakini alilisema.

Basi uone nilivyokuwa. Mbele yangu ofisi ya mji, nyuma yangu mistari yako minne, na wote mnataka kitu kimoja: saruji. Ningemwaga saruji, kiwanja kingepona na Mama angerudi kutoroka, na safari nyingine huenda Klaudia asimwone. Nisipomwaga, tunafukuzwa. Nilikuwa nikiamka alfajiri, nasali, kisha nakaa tu kwenye mkeka bila dua ya kuomba, kwa sababu sikujua niombe lipi.

Vibarua wa mji walikuja na mapanga siku ambayo mvua ilikuwa imepumzika. Mama aliwaona, akatoka, akaketi chini kwenye majani, mbele ya mgomba mkubwa uliokuwa unakaribia kutoa mkungu, akaukumbatia shina kwa mkono mmoja. Kiongozi wao alimwomba kwa heshima, waitu bibi, tupishe. Mama hakumtazama. Wakaogopa kupitisha panga karibu na kichwa cha mzee, wakahamia upande wa pili waanze na milamula. Hapo wakasimama. Mmoja akarudisha panga kiunoni. Buberwa akawaamuru. Wakamjibu kwamba wao ni wafanyakazi wa mji, lakini jioni wanarudi kwenye nyumba zenye watoto. Buberwa akachukua panga yeye mwenyewe, akainama, na akabaki ameinama muda mrefu kidogo. Kisha akasimama, akaipangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi.

Mwalimu Rugambwa alikuwa dirishani akiyaona yote. Alitoka bila kola yake, mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona hivyo. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama, akachuchumaa mbele yake kwa tabu, akamwita Benigna. Sikuwa nimelisikia jina hilo miaka mingi, jina lake la ubatizo wa utotoni. Akamwambia kwa Kihaya kwamba amekosea, alitaka hatua yake moja tu, hakutaka kumtoa nyumbani kwake. Mama akamjibu kwamba hatua aichukue, na kama anataka achukue mbili, ila hao wenye mapanga aondoke nao, wanamtisha yule ndege. Vibarua walicheka, na Mwalimu naye akacheka, machozi yakimtoka. Nikaenda nikapiga magoti pale pale majanini, nikamwomba radhi kama nilivyotakiwa kumwomba siku ya kwanza.

Lakini shitaka likishaandikwa haliondoki kwa kucheka. Buberwa alisema mwenye uwezo wa kulifuta ni Mzungu wa ofisi ya mji, na kwamba twende mbele yake. Tukaenda, Mwalimu amevaa koti lake la Pasaka, mimi nimevaa buibui. Mwalimu ndiye aliyesema Kiingereza. Alieleza kwamba mpaka amekwisha kuukubali pale ulipo, kwamba chumba chake kilikuwa kikijaa maji ya saruji ile na sasa ni kikavu, na kwamba anaondoa shitaka. Mzungu alisikiliza, akamwuliza Buberwa kuhusu mbu. Buberwa, Mungu ampe heri, akasema kweli: kwenye nyufa za zamani aliwahi kuwakuta, kwenye udongo hakuwakuta. Hukumu ikawa hivi. Migomba yote itoke, sheria ni sheria. Miti mingine na maua vibaki, mradi maji yasisimame. Nilifurahi na nilihuzunika kwa pumzi moja.

Sasa, kaka, lile jambo la mwisho.

Mzungu alifungua faili la kiwanja, akaona jina lako, na kwamba uko Tabora. Akasema kibali kipya hakiwezi kuandikwa kwa jina la mtu asiyeishi kiwanjani. Kuna njia mbili, akasema. Ama atatupa mwezi mmoja zaidi wa kukuita, uje mwenyewe ueleze kama unarudi kuishi au unataka kukiuza. Ama kibali kiandikwe siku hiyo kwa jina la mrithi anayekaa pale, kama jirani atamshuhudia. Mwalimu aligeuka akanitafsiria. Alinitafsiria taratibu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuombe ule mwezi, kwa sababu wewe ndiwe mkubwa, na si vizuri.

Nikasema hapana.

Mwezi ungetosha. Treni zipo, meli zipo, na wewe ungekuja. Nakujua, ungekuja siku ya pili tu ya kupata barua. Ungesimama mbele ya Mzungu yule na kofia yako ya reli, nawe wangekusikiliza kuliko mimi. Na Mama angepakiwa melini kama mzigo, apelekwe Tabora kwenye nyumba za reli zilizotandazwa kokoto mpaka mlangoni. Ndiyo maana sikukuita. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi sitajificha nyuma ya methali. Hukuwepo kwa sababu nilitaka usiwepo. Mwalimu alishuhudia, nikaweka sahihi yangu, na kiwanja cha Baba sasa kimeandikwa Siti binti Saburi.

Sheria ya mirathi naijua. Fungu lako ni mara mbili ya langu, na ukinipeleka kwa kadhi nitakwenda, sitabishana. Nitakachokataa ni kuuza Mama angali hai. Akiwa hayupo tena, njoo tugawane, na mimi sitataka zaidi ya haki yangu. Ulikuwa ukinibeba mabegani kunivusha mto Kanoni mvua zikizidi, hilo sijalisahau, na nilipokuwa naandika sahihi ile ndilo nililokuwa nalikumbuka. Lakini niliandika.

Migomba ilikatwa Jumatatu. Datius aliikata yeye mwenyewe, hakutaka mikono ya wageni, na Mama aliilia kama anavyoliliwa mtu. Siku mbili hakula. Nilikaa naye nikijiambia kwamba nimekupoteza wewe na yeye kwa pamoja. Siku ya tatu niliamka nikakuta kitanda chake kitupu na mlango uko wazi. Nilikimbia mpaka barabarani bila ushungi, nikauliza kila mpita njia. Hakuna aliyemwona. Niliporudi nilimkuta uani, nyuma ya mpera, ambako sikutazama. Alikuwa anawapasulia kwera majani makavu, akilalamika kwamba siku hizi ndege hawajui kazi. Akaniuliza mbona nahema.

Nisalimie wifi yangu na watoto wote, umbusu yule mdogo ambaye bado hatujamwona. Mwalimu Rugambwa anakusalimu. Datius anakusalimu na anasema mtaimbo wako uliouacha hapa ameuchukua, usiuulize. Klaudia na mumewe wanakusalimu. Mama anakusalimu, ananiuliza unakuja lini, na mimi namwambia Julai.

Basi njoo Julai, kama ulivyosema. Njoo na hasira zako zote, tutazimaliza hapa hapa, nitakupikia, nitakaa kimya mpaka umalize kunisema. Ila usije na saruji.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea na anayekupenda,

Siti binti Saburi